Kalunguyeye: nitajuaje ukoo kabla ya kupandisha?

Swali (Jinja): Wakuu, dume na jike wametoka kwa wauzaji wawili wa Kampala, bila karatasi. Nitajuaje kama si ndugu?

Jibu: Kwa macho huwezi, rangi ya miiba haithibitishi kitu. Rudi kwa wauzaji, uliza tarehe za kuzaliwa, wazazi, babu na bibi, na waliokufa waliugua nini. Cha kuogopa zaidi ni ugonjwa wa kuyumba: mara nyingi huanzia miguu ya nyuma, hauna tiba, na unashukiwa kurithiwa. Kwa kawaida hujitokeza kabla ya miaka 3, mnyama akiwa ameshazaa. Wasipojibu, usipandishe.

Jibu: Naunga mkono. Ndugu wa baba na mama mmoja wakipandana, kiwango cha damu moja kwa watoto (uwezekano wa mtoto kupata nakala ileile ya jeni kwa baba na kwa mama) ni 25%. Fungua daftari: namba ya kila mnyama, wazazi, uzito kwa gramu, siku ya kupandishwa. Mimba ni takriban siku 35. Tenga madume na majike kabla ya wiki 8. Wakichelewa hupandana wenyewe, na hapo daftari halina maana tena.

Jibu: Ndugu, msiongeze damu kwa kuokota wa porini. Uganda hawa ni wanyamapori wa asili. Ulizeni kwanza kibali Mamlaka ya Wanyamapori.