Wakuu, kompyuta mpya niliyoiunga mwenyewe inazima ghafla. Madabodi, ile bodi kuu, ni mbovu?

NusuUsingizi:
Wakuu, habari zenu. Nimeunga kompyuta kwa mikono yangu wiki mbili zilizopita, ya kwanza maishani. Kila kitu kipya. Nikiandika au nikiangalia video haina neno, hata siku nzima. Nikifungua gemu zito, dakika tano, kumi, giza. Feni zinasimama, sekunde mbili tatu inawaka yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Jana imezima mara 11, nimehesabu. Nimeweka Windows upya mara mbili, nimebadilisha draiva ya kadi ya picha, wapi! Nahisi madabodi ni mbovu. Swali langu ni moja tu: niirudishe nipewe nyingine, au nihamie aina tofauti kabisa?

Bisibisi:
Joto hilo. Kuna jamaa yangu aliacha nailoni ya kinga chini ya kipoozeo cha prosesa, akawa anagombana na Windows mwezi mzima. Na nailoni yenyewe imeandikwa kwa herufi kubwa iondolewe.

NusuUsingizi:
Nailoni niliitoa mkuu. Prosesa haivuki nyuzi 70, kadi 74.

MamaWawili:
Pole mdogo wangu. Yangu ilikuwa inazima kila jioni, muda uleule. Tulisafisha virusi, tukabadilisha diski, nusura niitupe. Kumbe mwanangu akikaa mezani kufanya kazi zake za shule, goti lake linagusa waya wa umeme kwa nyuma. Chunguza waya kwanza.

ZamaniKulikuwa:
Umesema mwenyewe ukifanya kazi haizimi, ukicheza inazima. Mashine imekuzidi akili. Fanya kazi.

FundiKimya:
Skrini ya bluu inatokea? Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tafuta Kernel-Power 41, ile ya kuzima ghafla, uangalie BugcheckCode, namba ya kosa, ni ngapi. Halafu taja vifaa vyote, kimoja kimoja.

NusuUsingizi:
Bluu hakuna. Hiyo 41 ipo tele, BugcheckCode ni 0 kote. Prosesa ya viini 8, RAM DDR5 mbili za GB 16, SSD, kadi ya picha yenye matundu mawili ya umeme ya pini 8. BIOS nimesasisha. RAM nimezipima jana usiku kwa MemTest86 karibu masaa manane, makosa sifuri. Ndiyo maana nasema imebaki madabodi.

FundiKimya:
Sifuri hapo maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa. Umeme ulikatika chini ya miguu yake. Umetaja vyote isipokuwa powa saplai, boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta.

NusuUsingizi:
Powa saplai ni nzima.

FundiKimya:
Sikuuliza kama ni nzima.

NusuUsingizi:
Sawa. Nilitoa kwenye mashine yangu ya zamani. Wati 500, ina miaka tisa, haijawahi kunisumbua hata siku moja, ndiyo sababu sikuona haja ya kuitaja. Na kabla hamjanirukia, hesabu nilipiga: prosesa 105, kadi 220, vingine vidogo vidogo, jumla haifiki hata 400. Nafasi ipo. Halafu madabodi nyingine nimeshaiagiza, kwa hiyo naomba tubaki hapo hapo kwenye madabodi.

Bisibisi:
Kumbe mgonjwa ameshafanyiwa upasuaji, ndugu ndio wanaomba ushauri.

FundiKimya:
Hiyo 220 ni wastani. Kadi za siku hizi zinaruka, kwa milisekunde chache zinaweza kuvuta karibu maradufu, kisha zinashuka. Mita ya ukutani haiwahi kuona hilo, ila powa saplai inaliona. Ikiwa mpya inahimili. Ya miaka tisa kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, zimechoka, volti inayumba, kinga ya ndani inakata. Jaribu bila kutumia hata senti: shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 60, funga gemu kwenye fremu 60 kwa sekunde, ucheze saa nzima. Isipozima, mchawi umemjua. Na kadi inalishwa na kebo ngapi?

ShahidiWaMwisho:
Subirini kidogo. Mwanzo “kila kitu kipya”, sasa powa saplai ina miaka tisa. Jana imezima mara 11, na usiku huohuo ikakesha masaa manane kwenye MemTest bila kuzima hata mara moja? Hii ni chai, na sukari imezidi. Jamaa anatafuta wachangiaji. Picha ziko wapi?

Bisibisi:
Nilikuwa nashangaa kwa nini nimekaa na kikombe.

MamaWawili:
Jamani, na mimi nimesimulia habari za mwanangu kwa moyo wote.

FundiKimya:
La powa saplai ajibu mwenyewe. La MemTest halina ubishi: MemTest haiisumbui kadi ya picha. Kadi inalala, mzigo ni mdogo, powa saplai inatulia. Ingezima huko ndipo ningeshangaa.

NusuUsingizi:
Shahidi, sina faida yoyote ya kutunga. Nilisema vyote vipya kwa sababu pesa iliishia kwenye kadi, na niliona aibu. Basi.
Nimefanya hiyo ya asilimia 60. Dakika 50 haijazima. Nikazima mwenyewe, nikalaza kesi, yaani kasha la kompyuta, sakafuni, nikafungua. Kebo ni moja, ina vichwa viwili, na vyote viwili nilivichomeka kwenye kadi. Nilidhani vimewekwa viwili kwa kazi hiyo. Cha mwisho kimegoma kutoka, nimekitikisa mpaka kidole kikauma. Plastiki yake nyeusi imegeuka kahawia kwenye matundu mawili ya pembeni, na inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Picha hiyo hapo chini.

FundiKimya:
Usiiwashe tena. Tafuta powa saplai mpya, wati 650 au 750 zinatosha, na kila tundu la kadi lipate kebo yake. Hiyo ya zamani usiifungue kuangalia ndani, kapasita zinabaki na chaji hata ukishachomoa ukutani.

NusuUsingizi:
Sawa mkuu. Ila nitabadilisha boksi tu, nyaya zitabaki hizi hizi, ukiacha hiyo iliyoungua. Zinachomoka pande zote mbili, na nilikaa masaa manne nikizipanga nyuma ya kesi. Zimelala kama msuko.

FundiKimya:
USITHUBUTU. Upande wa kifaa pini zimepangwa kwa kiwango kimoja. Upande wa powa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za mtengenezaji mmoja hazilingani. Kebo itaingia bila kugoma, halafu volti 12 zinakwenda mahali pa 5, na SSD inakufa kabla hujasikia harufu. Ng'oa zote. Tumia zitakazokuja na boksi jipya.

MamaWawili:
Niliwaambia waya.

ZamaniKulikuwa:
Niliwaambia gemu.

NusuUsingizi:
Nimekata vifungo vyote, msuko uko kwenye mfuko wa plastiki. Powa saplai nimeagiza. Sasa ile madabodi wamenijibu kwamba imeshatoka, haizuiliki tena. Kuna mtu humu anahitaji madabodi mpya?

ShahidiWaMwisho:
Mpya kweli, au mpya kama powa saplai?

NusuUsingizi:
Mpya. Boksi halijafunguliwa, hata halijafika.

ShahidiWaMwisho:
Ina soketi ya prosesa gani?