Tupeane uzoefu: wewe na mzazi wako wa ubatizo, au mtoto wako wa ubatizo

Mleta mada

Wapendwa, amani iwe nanyi. Rafiki yangu ameniomba nimsimamie binti yake ubatizo, na tangu juzi nimekuwa nikimuwaza mama yangu wa ubatizo tu. Naomba tusimuliane. Aliyekusimamia amekuwa nani kwako? Na wewe uliyesimamia, mmeishije na mtoto wako? Naanza mimi.

Nilibatizwa mchanga, siku yenyewe naijua kwa kusimuliwa. Ninachokijua kwa macho yangu ni mshumaa, ule unaowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka kwa ajili ya mtoto. Mishumaa mingi hubaki kabatini mpaka inapinda. Wangu aliutunza mama wa ubatizo, kauviringisha kwenye kitambaa cheupe nilichovikwa siku ile ile. Kila mwaka, tarehe ya ubatizo wangu (ya kuzaliwa aliwaachia wazazi), alikuja nao nyumbani. Anauwasha, tunasali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kisha anaulaza utambi kwa vidole viwili alivyovilowesha mate. Dakika tano, basi. Siku moja nilimwuliza kwa nini haupulizi. Akasema nta itaruka, na yeye anataka mshumaa huo unifikishe mbali.

Siku ya kipaimara alisimama nyuma yangu, mkono wa kuume begani kwangu. Nilijua fika kwamba ni mimi ninayeogopa, kumbe na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Askofu hakulisikia jina langu, nililitaja kwa sauti ya chini mno. Mama wa ubatizo akalirudia kwa nguvu, kanisa zima likasikia.

Mshumaa sasa umebaki urefu wa kidole gumba.

Mchangiaji wa 1

Mimi ni baba wa ubatizo. Padri alipotuuliza kama tuko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto huyu katika wajibu wao, nilijibu "tuko tayari" kama mtu anayeitikia salamu. Mtoto alipofika miaka 6 baba yake akafariki. Siku ya mazishi alikuja akanishika suruali, hakusema kitu, na hakuniachia mpaka jioni. Hapo ndipo nilipolielewa lile jibu langu.

Sikuwa na mengi ya kumpa. Nilikuwa nampitia kila Jumapili twende kanisani kwa miguu, na njiani namfundisha Nasadiki. Kila mara alikwama pale pale, "akateswa kwa mamlaka ya…" Lile Ponsyo Pilato lilikuwa halikai mdomoni. Tukifika hapo tunasimama, analitamka mara tatu, ndipo tunaendelea na safari.

Leo ni kijana mkubwa, anaishi mbali. Mwezi uliopita alinipigia saa 5 usiku. "Baba, nina miezi 7 sijasali. Sijui hata nianzie wapi." Nilikaa kitandani nikatafuta maneno, nikayakosa. Nikamwambia tuanzie pale kwa Ponsyo Pilato. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha tukaisali yote, yeye kule na mimi huku. Sikulala usiku ule, kwa furaha.

Mchangiaji wa 2

Mmenitoa machozi. Swali: mdogo wangu ana miaka 14, ni mcha Mungu kuliko sisi wote. Anaweza kumsimamia mwanangu? Sisi ni Wakatoliki.

Mchangiaji wa 3

Nafundisha katekesi, naomba nijibu. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa Katoliki inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na Komunyo ya kwanza, anaishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Askofu anaweza kupanga umri mwingine, na paroko anaweza kuruhusu kwa sababu ya haki, kwa hiyo kamwone. Jambo hili nawaambia wazazi wote: msimamizi mmoja anatosha, wa kiume au wa kike. Msitafute wawili ili kukamilisha picha. Na rafiki yenu aliyebatizwa katika kanisa lingine anaweza kuwa shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki.

Mchangiaji wa 4

Sisi tulikosea, nasema ili mwingine asikosee. Tulimchagua mtu kwa uwezo wake. Alileta zawadi kubwa siku ya ubatizo, hatukumwona tena. Binti yetu alipofikia kipaimara aliuliza, "Huyu aliyeandikwa kwenye cheti ni nani?" Jina lile halifutiki kitabuni. Ila kwa kipaimara Kanisa linapendelea awe yule yule, halilazimishi, kwa hiyo tukamwachia binti achague mwenyewe. Akamchagua jirani yetu mjane ambaye humsahihishia masomo ya Misa kabla hajasoma. Alimjua kutushinda sisi.

Mchangiaji wa 5

Mimi ni Mwanglikana. Kwa utaratibu wa kitabu cha sala cha 1662, mtoto wa kike husimamiwa na mama wawili na baba mmoja, nami nilipata hao watatu. Wawili wametangulia mbele za haki. Aliyebaki ana miaka 81 na macho yamekwisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma Zaburi, kidole chini ya kila neno.

Sasa Alhamisi nakwenda kumsomea mimi. Anaweka kidole chake juu ya mkono wangu, naupitisha kwenye mstari, na nikiruka neno anaugonga.

Mleta mada

Nimesoma zote mara mbili. Nimempigia mama yangu wa ubatizo, nimemwomba aje Jumapili nitakaposimama na mtoto. Ameuliza jambo moja tu, kama mtoto ameshatafutiwa kitambaa cheupe cha kutosha kuviringishia mshumaa.