Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza Ohio, Marekani, anataka udaktari: achukue meja (somo kuu la shahada) gani?

Mjomba_Ohio
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaoijua njia hii, maana nyumbani kila mtu ana neno lake.

Mpwa wangu, binti, amemaliza semesta ya kwanza kwenye chuo cha serikali. Ana grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu). Kemia ya Jumla 1 kapata B- (krediti 4, yaani uzito wa kozi), Baiolojia 1 kapata B (krediti 4), Kiingereza A na Historia ya Afrika A (krediti 3 kila moja). Mama yake anataka ahamie uuguzi, ili akikosa udaktari asikose kazi. Wenzake wanamwambia asiyesoma baiolojia fomu yake haisomwi. Mwenyewe moyo uko kwenye historia, ila anaogopa kulisema hilo mbele ya wazee. Ana hadi mwisho wa mwaka wa pili kutangaza meja.

Je, historia itamfungia mlango? Na uuguzi ni kinga kweli? Naomba kuwasilisha.

kemia_ndiyo_reli
Mkuu, kwanza tulitoe hili njiani: pri-medi, yaani maandalizi ya chuo cha udaktari, ambacho Marekani huja baada ya shahada ya kwanza, si meja. Ni orodha ya masomo, na unaweza kuifuata ukiwa na meja yoyote. Takwimu ambazo AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, hutoa kila mwaka zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya waombaji wametoka sayansi za baiolojia, lakini waliosoma historia, fasihi na falsafa hawakubaliwi kwa kiwango cha chini kuliko wao. Wanaomtisha wanachanganya wingi na upendeleo.

Orodha yenyewe, kwa vyuo vingi vya udaktari: baiolojia semesta 2, kemia ya jumla 2, kemia oganiki 2, fizikia 2, zote na maabara zake. Halafu bayokemia 1, takwimu 1 (vyuo vingine hutaka na kalkulasi), Kiingereza 2. Saikolojia na sosholojia semesta moja moja, kwa sababu sehemu moja kati ya nne za MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, imejengwa juu yake. Jumla ni krediti 50 na kidogo. Shahada ni krediti 120, na meja ya historia hula kama 36. Zinabaki 30 na ushee za masomo ya lazima ya chuo, na baadhi yake (Kiingereza, hesabu, sayansi ya jamii) zimeshahesabiwa kwenye orodha. Kwa hiyo inaingia bila kubanwa. Uhandisi ndio unaobana: ratiba imejaa, na kozi za uhandisi hazihesabiwi kwenye GPA (wastani wa alama) ya sayansi.

Kinachowaangusha wengi ni mnyororo wa kemia. Jumla 1, Jumla 2, Oganiki 1, Oganiki 2, Bayokemia: semesta tano, na hakuna inayorukwa. Baadhi ya vyuo huanza Oganiki 1 msimu wa vuli tu. Akiacha Jumla 2 semesta hii inayokuja, hapotezi miezi minne tu, anaweza kupoteza mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya meja, hakikisheni amesajiliwa Jumla 2 pamoja na maabara.

Hesabu_Kwanza
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila kuna hesabu ambayo wazazi hawaioni. AMCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya MD (shahada ya udaktari) hupokelea maombi, hutoa GPA mbili: ya jumla, na ya BCPM, yaani baiolojia, kemia, fizikia na hesabu. Tumpime binti kwa alama zake (A ni pointi 4, B ni 3, B- ni 2.7, mara krediti za kozi).

Jumla: krediti 14, pointi 46.8, sawa na 3.34. Inapendeza kwa mwanzo. BCPM: krediti 8, pointi 22.8, sawa na 2.85. Hapo ndipo penye kazi.

Tuseme analenga BCPM ya 3.6 siku ya kutuma maombi mwishoni mwa mwaka wa tatu. Akiwa historia, atakuwa na kama krediti 40 za sayansi. Zilizobaki 32 lazima azipate kwa wastani wa karibu 3.8. Akiwa baiolojia, atakuwa na kama 60, na zilizobaki 52 zinahitaji 3.7. Maana yake, kwenye historia kila B ya sayansi ina uzito mkubwa zaidi, lakini kozi za sayansi za kupambana nazo ni chache. Kwenye baiolojia ana nafasi zaidi ya kurekebisha, na nafasi zaidi ya kuharibu. Fiziolojia na jenetiki za mwaka wa tatu si kozi za kuokotea A.

Jambo jingine: saikolojia haiingii BCPM. Takwimu inaingia, bayokemia inaingia, nyurosayansi inaingia.

Nesi_wa_Zamu
Mjomba, kuhusu uuguzi naomba nisikilizwe vizuri, maana ni kazi ya heshima na mama ana hoja. Waombaji wa udaktari ni zaidi ya 50,000 kwa mwaka, na wanaoanza masomo ni kama 23,000. Hofu yake si ya bure.

Ila njia mbili hizi hugongana mahali pa kawaida kabisa: ratiba. Mafunzo ya wodini ni siku nzima, mara nyingi kwa muda wa saa 12, na chuo ndicho kinachopanga siku. Maabara ya oganiki ni mchana wa siku fulani, huchukua muda wa saa tatu au nne, na haibadilishwi. Pili, kemia inayofundishwa wanafunzi wa uuguzi mara nyingi ni semesta moja iliyopunguzwa, na vyuo vya udaktari haviikubali badala ya Kemia ya Jumla. Tatu, kozi za uuguzi zenyewe hazihesabiwi BCPM.

Kama familia inahitaji kipato mara tu anapomaliza, asome uuguzi kwa moyo mmoja, apate leseni, kisha masomo ya sayansi yanayobaki ayachukue baadaye. Watu hufanya hivyo na hukubaliwa. Kuzibeba zote mbili ndani ya miaka minne ndiko kunakoleta C. Na kama anatafuta saa za kuwa karibu na wagonjwa, cheti cha CNA (msaidizi wa muuguzi) ni mafunzo ya wiki chache tu, na anaweza kufanya zamu za wikiendi akiwa na meja yoyote.

Mjomba_Ohio
Asanteni sana, dada na wakuu. Hiyo 2.85 imenifungua macho. Je, arudie Kemia ya Jumla 1 kuifuta B-?

Hesabu_Kwanza
Hapana, mkuu. Haifutiki. Hata chuo chake kikibadilisha alama, AMCAS huhesabu mara zote mbili. Akipata A safari ya pili, kozi hiyo inakuwa 2.7 na 4.0, wastani 3.35, na amelipia krediti 4 upya huku mnyororo umesimama. B- inamruhusu kuendelea. Kurudia ni kwa D au F, au C- pale chuo kinapodai C kamili.

Afadhali atafute kilichomwangusha. Achukue karatasi zake za mitihani, agawe makosa: hakuelewa, alikosea hesabu, au muda ulimwishia. Kemia ya Jumla 2 ina ekwilibria na asidi na besi, na aliyeyumba kwenye stoikiometria (hesabu za kiasi cha kemikali kwenye mmenyuko) ataumia tena hapo.

Maine_Mrundi
Nami naomba kuuliza kwa faida ya wengine: mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) afuate ushauri huu huu?

kemia_ndiyo_reli
Ndugu, hapo meja ina uzito wa aina nyingine. Vyuo vingi vya udaktari havipokei F-1 kabisa, na baadhi ya vinavyopokea hutaka ada ya miaka iwekwe mapema. Kwa hiyo kazi baada ya shahada ni suala la kweli. Meja inayotambuliwa kama STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) hutoa OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya shahada, ya miezi 12 na nyongeza ya 24. Historia hutoa 12 tu. Kwa F-1, baiolojia, kemia au takwimu.

Mjomba, kwa binti yenu mwenye grini kadi: Jumla 2 na Baiolojia 2 sasa, kozi moja ya historia, na kozi nyepesi ya lazima. Krediti zisizidi 15. Tangu wiki ya pili aende kwa walimu wake wa sayansi saa wanazopokea wanafunzi. Vyuo vingi hutaka barua mbili za walimu wa sayansi, na kwenye darasa la watu 300 mwalimu hawezi kumwandikia asiyemjua. MCAT aipangie baada ya bayokemia. Kama mwishoni mwa mwaka wa tatu BCPM bado iko chini ya 3.5, asitume maombi. Amalize mwaka wa nne, alama zake ziingie, ndipo atume mwezi Juni baada ya kuhitimu.

Nesi_wa_Zamu
Na mama aonyeshwe ukurasa wa AAMC wa msaada wa ada mapema, kabla ya kulipia MCAT. Mapato ya familia yakiwa chini ya kiwango chao, ada ya mtihani hupunguzwa, na ile ya AMCAS husamehewa kwa hadi vyuo 20. Ukiomba baada ya kulipa, hawarudishi.