Ruslana wa Ukraine: muziki wa asili upo kweli au ni mavazi tu?

Nyuzi_Saba
Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa na wanaoujua muziki wa Ukraine. Nimerudia kuangalia Ruslana anavyoshinda Eurovision (yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya) 2004 pale Istanbul, na wimbo wa Wild Dances, pointi 280, na Ukraine ndo ilikuwa mara yake ya pili tu kushiriki. Kila mahali naambiwa wimbo ule umetoka kwa Wahutsul, watu wa milima ya Karpati, ila nikisikiliza nasikia biti za studio na Kiingereza kimechanganywa na Kiukraine. Ngozi na manyoya nayaona, mabuti nayaona, sasa muziki wenyewe wa Wahutsul uko wapi? Maana huyu dada nampenda sana na ningependa kujua ninachokipenda ni nini hasa.

BiSauti
Muziki wao uko kwenye mdundo ndugu yangu, ukiutafuta kwenye vyombo peke yake hutauona. Wahutsul wana wimbo unaoitwa kolomyika, jina la mji wa Kolomyia huko huko magharibi mwa Ukraine, unaimbwa na kuchezwa hapo hapo. Kila mstari una silabi 14, nne, tena nne, halafu sita. Hebu hesabu kwa mdomo huku unapiga mguu chini, ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta-taa-taa, zile mbili za mwisho unazivuta na mguu unatua kwa nguvu. Ukishalishika hilo rudi kwenye albamu ya Dyki Tantsi (ndo Wild Dances kwa Kiukraine) ya 2003, ambayo ilitoka kabla ya Eurovision, utaona mwili wenyewe unajua pa kukanyaga. Na zile shidi-ridi za kwenye kiitikio hazikuletwa kujaza nafasi, nyimbo za milimani zimejaa vipande vya namna hiyo visivyo na maana ya kamusi, kazi yake ni kubeba mwendo.
Halafu wale wanaume wanaokanyaga kwa pamoja nyuma yake, ukitaka kujua hiyo roho imetoka wapi tafuta video za arkan, ni ngoma ya wanaume wa Kihutsul, wanashikana mabega kwenye duara na kukanyaga kama mtu mmoja, inasisimua mpaka nywele zinasimama.

MtuWaPembe
Naongezea kuhusu trembita maana hapo ndo mimi nilipokufa na kuoza. Ni baragumu la mbao refu kama mita 3, na kwa mila mti unaotakiwa ni ule wa jamii ya msonobari uliopigwa radi. Wanaupasua katikati kwa urefu, wanachimba kila nusu mpaka inabaki nyembamba, wanaziunganisha tena na kuvalisha gome la mti juu. Haina tundu hata moja la kidole, kwa hiyo noti zote mpigaji anazitafuta kwa midomo na pumzi yake. Wachungaji waliitumia kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine, na mtu akifariki kijijini ndo iliyokuwa ikitoa taarifa. Ruslana akaichukua sauti hiyo akaiweka kwenye wimbo wa pop mbele ya Ulaya nzima, na bado watu wanasema ni mavazi tu??
Na msisahau dada amesoma muziki kikamilifu, kazaliwa Lviv 1973, chuo cha muziki kamaliza hapo hapo Lviv, piano na kuongoza okestra. Kwa hiyo yeye na mumewe Oleksandr Ksenofontov, ambaye ndo prodyuza wake na waliandika wote Wild Dances, walijua wanachagua nini.

Karpati_Damu
Mimi nampenda pia ila tuseme yote. Wapo Wahutsul ambao hawakufurahia kabisa, walilalamika kwamba dunia imeonyeshwa watu wa porini waliovaa manyoya wakati wao wana ushonaji wa maua wa hali ya juu, wana uchongaji, wana violini na tsymbaly (vile vinanda vya nyuzi vya kugonga kwa vijiti), kwenye ile shoo hivyo havipo. Hilo lalamiko nadhani lina haki. Muziki aliuheshimu, watu wenyewe aliwaongezea chumvi.

BiSauti
@Karpati_Damu hapo kwenye mavazi nakubaliana na wewe. Ila angalia pia alifungua mlango gani. 2021 wakaja bendi ya Go_A, nao wa Ukraine, na wimbo wao Shum, mwimbaji wao Kateryna Pavlenko anaimba kwa ile sauti ya wazi ya kijijini, kali, inatoka kifuani moja kwa moja haijalainishwa, wimbo umetokana na nyimbo za kuita majira ya kuchipua, na filimbi ya sopilka inapigwa juu ya biti za elektroniki ambazo zinaongeza kasi mpaka mwisho. Wakawa wa 5 kwenye Eurovision ya Rotterdam. Mwaka uliofuata kundi lingine la Ukraine, Kalush Orchestra, wakashinda Eurovision ya Turin na filimbi zao za asili juu ya rap. Njia ya asili pamoja na pop pale Eurovision alishaipitisha Ruslana miaka 17 kabla ya hao Go_A.

Nyuzi_Saba
Asanteni sana, nimejaribu hiyo ya kuhesabu silabi na mguu umekubali!! Sasa naanzia wapi, na baadaye aliendelea hivi hivi au aliacha?

MtuWaPembe
Anza na wimbo wa Znaiu Ya wa 2002, video yake ilipigwa huko huko milimani, halafu Dyki Tantsi yote kwa Kiukraine kabla hujagusa ya Kiingereza, mdundo unakaa vizuri zaidi kwenye lugha yake. Kuendelea, 2008 alitoa albamu ya Wild Energy, hiyo imeelekea kwenye hadithi za dunia ya baadaye na sauti za mashine, Ukarpati umepungua na kwangu mimi nguvu ikapungua nao. Katikati hapo alikaa bungeni 2006 mpaka 2007, na kwenye maandamano ya Maidan ya kuipinga serikali kule Kyiv 2013 hadi 2014 alikuwa anapanda jukwaani usiku kwenye baridi anaongoza watu kuimba wimbo wa taifa. Ukimaliza hizo mbili niambie nikuelekeze kwa wapiga trembita wenyewe wa vijijini, bila biti yoyote.