Jeni za msongo wa oksidisheni na hatari ya MS: wagonjwa 60 wanatosha?

Chembe_Hai

Habari za kazi wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu multipo sklerosisi (MS), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Mpango ni wagonjwa 60 na watu 60 wenye afya, wanaolingana umri na jinsia. Nitapima jeni tano zinazohusika na msongo wa oksidisheni (radikali huru, yaani molekuli zinazoharibu seli, zikizidi uwezo wa mwili kuzizima): GSTM1, SOD2 (rs4880), NQO1 (rs1800566), CAT (rs1001179) na MPO (rs2333227); namba za rs ni za SNP, yaani herufi moja ya DNA inayotofautiana kati ya watu. Kwenye damu nitapima malondialdehaidi (MDA), mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa, na glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksidisheni. HLA-DRB1*15:01, aleli (toleo la jeni) kuu ya hatari ya MS kwenye jeni za kinga ziitwazo HLA, nimepanga kuibaini kwa rs3135388 peke yake, maana kupima HLA kamili ni ghali.

Dhana yangu ni kwamba mwenye jeni dhaifu za kuzima radikali huru hupata MS kwa urahisi zaidi. Naomba mnioneshe mashimo kabla kamati haijayaona.

Nasaba

Shimo la kwanza ni idadi. Chukua aleli iliyopo kwa asilimia 25 ya kromosomu za watu wenye afya, inayoongeza uwezekano wa ugonjwa mara 1.2, kiwango cha kawaida kwa jeni nyingi za MS nje ya HLA. Ili uione kwa nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona kama ipo kweli) na p chini ya 0.05 (nafasi ya kudanganywa na bahati) unahitaji wagonjwa kama 1,200 na wenye afya 1,200. Ukitumia kizingiti cha jenomu nzima, p chini ya 5×10⁻⁸, ni kama 6,000 kila upande. Wewe una 60. Ukigawa 0.05 kwa jeni tano unabaki na 0.01, na hapo utaona tu kitu kinachoongeza uwezekano mara 2.5 au zaidi. Jeni ya nguvu hiyo nje ya HLA ingekuwa imeshajulikana. Kwa hiyo ukipata jibu "la maana" kwa watu 60, kuna uwezekano mkubwa ni bahati, na ukubwa wake utakuwa umetiwa chumvi.

Linganisha na DRB1*15:01. Kwa Wazungu wa kaskazini nakala moja huongeza uwezekano karibu mara 3. Hesabu hiyohiyo inasema watu 40 kwa 40 wangetosha kuigundua, na ndiyo sababu uhusiano wa HLA na MS ulionekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya teknolojia yoyote ya maana. IL7R na IL2RA, jeni za kinga zenye athari ndogo, zilisubiri hadi 2007.

Shimo la pili ni dhana yenyewe. Uchunguzi mkubwa wa 2019 wa muungano wa kimataifa wa jenetiki ya MS, wenye wagonjwa 47,429 na watu wa kulinganishia 68,374, ulitoa ishara 233: 32 ndani ya eneo la HLA, 200 kwenye kromosomu nyingine za kawaida na moja kwenye kromosomu X. Zinaelekea kwenye seli T, seli B, seli za NK, monosaiti, na ndani ya ubongo kwenye maikroglia (seli za kinga za ubongo). Ni ramani ya mfumo wa kinga. Jeni tano za orodha yako zimerudiwa katika tafiti ndogo nyingi zenye majibu yanayopingana. Ukiuliza "nani anapata MS", mimi nisingeanzia hapo.

Shimo la tatu ni rs3135388. Inawakilisha *15:01 vizuri sana kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika mpangilio wa aleli jirani ni tofauti, na *15:03 ndiyo iliyozoeleka zaidi kuliko *15:01, kwa hiyo SNP hiyo itakudanganya. Kama sampuli ni za Afrika Mashariki, pima DRB1 yenyewe kwa kusoma mfuatano wa eksoni ya 2. Kama bajeti haitoshi, afadhali upunguze jeni nyingine kuliko kulazimisha SNP ya mkato.

Na GSTM1: PCR ya kawaida (kunakili kipande cha DNA ili kionekane) inakuambia jeni ipo au haipo, basi. Weka jeni ya udhibiti, mfano albumini, ndani ya tyubu ileile. Bila hiyo, kila PCR iliyoshindwa utaisoma kama "jeni haipo". Tena huwezi kutofautisha nakala moja na mbili, kwa hiyo jaribio la Hardy-Weinberg (kulinganisha idadi ya aina za jeni na ile inayotarajiwa) halitakusaidia kukamata makosa hayo.

Maabara_Usiku

Nasaba kamaliza upande wake. Mimi naongezea vipimo vya damu, maana hapo ndipo tafiti nyingi za aina hii huharibikia.

MDA kwa njia ya asidi ya thiobabitura, ile rangi ya waridi unayosoma kwenye nanomita 532, si kipimo cha MDA pekee. Bilirubini na sukari fulani hutoa rangi hiyohiyo. Halafu unachemsha sampuli kwenye nyuzi 95, na joto lenyewe linaoksidisha mafuta yaliyomo. Ongeza BHT (kemikali inayozuia oksidisheni) kabla ya kuchemsha. Chukua damu kwenye tyubu ya EDTA, itie kwenye barafu, tenga plazma mapema, igawanye kwenye vichupa vidogo na uhifadhi kwenye nyuzi -80. Usiyeyushe na kugandisha tena. Plazma yenye wekundu itupe: chembe nyekundu zikipasuka, himoglobini na chuma chake huendeleza oksidisheni ndani ya tyubu. Ukiweza kufikia mashine ya spektrometa ya masi, pima F2-isoprosteni (alama nyingine ya mafuta yaliyooksidishwa) uachane na MDA.

Glutathioni ni mbaya zaidi. Iliyooksidishwa (GSSG) ni sehemu ndogo mno ya jumla, kwa hiyo asilimia 1 tu ya ile isiyooksidishwa (GSH) ikioksidika ukiwa unatafuta kalamu, GSSG inaruka mara kadhaa. NEM (kemikali inayoifunga GSH isioksidike) iwemo ndani ya tyubu kabla damu haijaingia, si baada ya sentrifuji.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havitakukumbusha. Upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) na selimundu hubadilisha NADPH (molekuli inayoirudisha glutathioni katika hali yake ya kazi) na glutathioni ya chembe nyekundu bila uhusiano wowote na MS. Pima vyote viwili kwa kila mshiriki, pamoja na malaria siku hiyohiyo. Andika pia uvutaji wa sigara, saa tangu mlo wa mwisho, vidonge vya vitamini, na tarehe ya mwisho ya methylprednisolone (steroidi ya kutuliza shambulio).

Neva_Kuu

Kabla ya jeni na damu, hakikisha wagonjwa 60 ni wa MS kweli. Wapime wote kingamwili za AQP4-IgG kwa njia inayotumia seli hai au zilizohifadhiwa kwa kemikali, pamoja na MOG-IgG, maana hizo huashiria magonjwa mengine yanayofanana na MS. NMOSD, ugonjwa wa AQP4-IgG, huweza kufanana na MS machoni na kwenye uti wa mgongo, ila uhusiano wake na HLA ni mwingine. Hili si la takwimu tu: interferoni beta, natalizumab na fingolimod huweza kuizidisha NMOSD.

Sasa oksidisheni. Haijakosa umuhimu, ila nafasi yake kubwa ni baada ya kinga kuvamia. Maikroglia zilizoamshwa hutumia kimeng'enya cha NADPH oksidesi kumwaga radikali, na naitriki oksaidi ikikutana na superoksaidi hutengeneza peroksinaitraiti, sumu kali ya seli. Mitokondria za neva huumia na nishati huanguka. Oligodendrosaiti, seli zinazotengeneza ala ya neva na ambazo huhifadhi chuma kingi, zikifa hukimwaga, na chuma hicho huendeleza moto. Kundi la Hans Lassmann la Vienna lilionesha 2011 kwamba DNA na lipidi zilizooksidishwa zimejaa kwenye mabaka yanayoendelea kuharibika, ndani ya oligodendrosaiti na neva. Huo ni ushahidi wa jinsi tishu inavyokufa. Hausemi nani ataugua. Na damu ya mkononi haioneshi vizuri kinachotokea ndani ya baka la ubongo.

Jenetiki nayo inaunga mkono utengano huu. Mwaka 2023 ilipatikana aleli ya ukali, rs10191329, karibu na DYSF na ZNF638. Wenye nakala mbili hufikia kutembea kwa fimbo miaka 3.7 mapema kwa wastani. Haimo kwenye orodha ya jeni za kupatwa na ugonjwa, na njia zake zinaelekea kwenye mfumo wa neva wenyewe.

Mahali jeni na moshi vinakutana kwelikweli ni sigara. Uswidi, mvutaji mwenye DRB1*15 asiye na HLA-A*02 (aleli inayokinga) alionekana na uwezekano kama mara 14 ya asiyevuta, asiye na DRB1*15, mwenye A*02. Tumbaku ya kuweka mdomoni haikuongeza hatari, jambo linaloelekeza kidole kwenye mapafu kuliko kwenye nikotini.

Kamati ikikuuliza kuhusu tiba: dimethyl fumarate, dawa ya MS, huamsha NRF2, protini inayowasha jeni za kuzima oksidisheni, lakini pia hupunguza limfosaiti, kwa hiyo kufanya kwake kazi hakuthibitishi dhana yako. Na mshiriki anayemeza bayotini ya miligramu 300 kwa siku anaweza kukuharibia kipimo chochote kinachotegemea streptavidini (protini inayoshika bayotini). Dozi hiyo yenyewe ilishindwa kwenye jaribio kubwa lililochapishwa 2020.

Chembe_Hai

Nashukuru sana wakuu. Nikibadilisha swali liwe: kati ya wagonjwa 60, je, alama za oksidisheni zinaenda na ukali? Nitumie EDSS, alama ya kiwango cha ulemavu? Na niongeze kipimo cha virusi vya Epstein-Barr (EBV)?

Nasaba

Hapo unasimama pazuri zaidi. EDSS peke yake humchanganya kijana na mzee. Tumia ARMSS, inayolinganisha EDSS ya mgonjwa na ya wagonjwa wa umri wake. Chagua alama moja kuu mapema na uiandike kwenye itifaki. Nyingine ziwe za ziada.

Neva_Kuu

Ongeza neurofilamenti nyepesi ya seramu (protini inayovuja neva zikiumia) kama bajeti ipo, na usichukue damu ndani ya miezi 3 ya shambulio. Kuhusu EBV: utafiti wa wanajeshi wa Marekani wa 2022 ulionesha hatari ikipanda mara 32 baada ya kuambukizwa, lakini huku kwetu karibu kila mtoto ameshaipata akiwa mdogo. Kipimo cha "ana/hana" kitatoa "ana" kwa wote 120. Pima kiwango cha kingamwili dhidi ya EBNA1 (protini ya EBV), wote kwenye sahani zilezile, wagonjwa na wenye afya wakichanganywa kila sahani.