Naomba ushauri: injini gani ya silinda nne niweke kwenye hotrodi ya Ford Model A?

Wakuu, habari za kazi. Nina bodi na chesisi ya Ford Model A ya 1930, naijenga hotrodi (gari la zamani lililobadilishwa na kuwekewa injini yenye nguvu zaidi) isiyo na boneti, injini ionekane yote. V8 (injini ya silinda nane) siitaki. Gari jepesi namna hii silinda nne inalitosha kabisa.

Injini yake ya asili, lita 3.3, ilitoa hp 40 tu, na beringi zake ni za babiti (metali laini) ya kumiminwa, kazi ya fundi wa kutafuta kwa tochi. Mimi nataka kusafiri nalo.

Nimebaki na mbili. Toyota 22R, lita 2.4, ni ya kabureta na haihitaji kompyuta. Ila reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi zikivunjika, cheni husaga kava la mbele. Nyingine ni Chevrolet 153 ya gari la Chevy II la 1962, lita 2.5, hp 90. Inakubali gia boksi za V8 ndogo ya Chevrolet, na kwa sura inaendana na gari la zamani. Moyo wangu uko huku.

Kinachoninyima usingizi ni nafasi. Fimbo mbili za ekseli ya mbele zinarudi nyuma na kukutana chini ya injini, palepale sampu (bakuli la oili chini ya injini) inaposhuka. Wengine huzitenganisha, kila moja ikafungwa upande wake wa chesisi. Aliyewahi kufunga mojawapo ya injini hizi: sampu ilipita bila kuzitenganisha? Na eksozi haikugusa boksi la usukani?