Mlinzi mwenye mgongo mbovu apimwe na mashine ya uongo? Tujadili

mgosi_makorora: Wadau, shemeji yangu analinda ghala huku bandarini, mzigo umepotea, sasa mabosi wanataka walinzi wote wapimwe na ile mashine ya uongo. Jamaa mgongo unamtesa miaka, anameza tramadoli na dawa ya presha. Hapo watapima uongo au maumivu? Mi naona ipigwe marufuku kazini.

baharia_raskazone: Haipimi uongo, inapima mwili. Mipira ya kifuani na tumboni inafuata pumzi, mkono unafungwa kile kitambaa cha presha, vidoleni wanashika jasho. Mwenye mgongo umkalishe vile asitikisike lazima alowe, na tramadoli nayo inatoa jasho. Ila wagosi na nyie, Tanga mtu ukimuuliza umekula anakujibu kwa fumbo, mashine itaungua swali la kwanza 😂

bi_chumbageni: Fumbo ni adabu, baharia. Nyie mlioshuka juzi na mabegi ndo mnatusema?

baharia_raskazone: Nimezaliwa Bombo mie!

dawa_baridi: Tuache hayo. Wanalinganisha maswali, lile la kukutia wasiwasi tu, mfano hujawahi kuchukua kisicho chako, na lile la mzigo wenyewe. Maumivu ya muda wote yapo kwenye yote mawili, kasheshe ni yale ya kuchoma ghafla, yakikubana kwenye swali la mzigo imekula kwako. Propranolol, kama ndo dawa yake ya presha, inashusha mapigo ya moyo maswali yote, jasho haligusi sana. Shemeji ataje dawa zake mapema, na siku mgongo umekaza aombe kuahirishiwa, asiache dawa ya presha kisa kipimo.

mzee_mkonge: Mimi nakunywa hiyo propranolol. Kwa hiyo mimi muongo?

dawa_baridi: Mzee wangu, nani kakutaja?

mzee_mkonge: Umesema inashusha. Inashusha ili iweje?

ngamiani_kwetu: Ames wa CIA, majasusi wa Marekani, aliuza siri kwa Warusi na mashine akapita mwaka 86 na 91, wakaja kumkamata 94. Na wapo wanaong'ata ulimi makusudi kwenye yale maswali ya kutia wasiwasi tu ili la wizi lionekane dogo, yani maumivu yanambeba mwizi. Marekani wenyewe toka 1988 kampuni binafsi haziruhusiwi kupima wafanyakazi.

dawa_baridi: Sheria hiyohiyo imewaachia mlango kampuni za ulinzi na uchunguzi wa wizi kazini. Kasome vizuri.

ngamiani_kwetu: Kasome wewe, duka la dawa limekufanya daktari.

mzee_mkonge: Isomwe Albadiri, mzigo utarudi wenyewe. Albadiri haijali unameza nini.

mgosi_makorora: Mzee, aliyechukua labda ni bosi mwenyewe, naye mbona hapimwi?

bi_chumbageni: Hapo umesema. Ila Bombo ni hospitali baharia, hata wapita njia wanajifungulia pale. Nimeuliza kwenu wapi.

baharia_raskazone: Pangani. Haya, semeni.

bi_chumbageni: Ahaa.